Mjadala wa Bunduki Mara: Yowe Likipigwa, Nani Atafika?

Likitajwa suala la silaha mkoani Mara, mazungumzo hukimbilia kabila kabla hayajafika kwenye hoja. Watu wa kule, husemwa, ni wakali kwa asili. Wamekulia kwenye mishale, na bunduki kwao ni kama fimbo ya kuchungia. Maelezo hayo ni mepesi, na yamedumu kwa sababu ya wepesi huo. Lakini hayaelezi kwa nini mtu wa Butiama anayetaka bunduki haramu zote zikusanywe kesho asubuhi ndiye huyohuyo asiyekwenda kituoni kumtaja jirani mwenye gobore. Hayaelezi pia kwa nini mkulima wa Bunda, tembo wakishamaliza mahindi yake, hulilia askari wa wanyamapori kuliko anavyolilia silaha ya kwake. Ninachodai hapa ni kwamba msimamo wa mwananchi kuhusu udhibiti wa silaha hautokani na kuipenda wala kuichukia bunduki. Unatokana na jinsi anavyolijibu swali moja: nikipiga yowe usiku, nani atafika, na atafika saa ngapi? Wapo wasiokubali, tena wana hoja. Basi na waingie barazani: mfugaji wa Butiama, ofisa wa polisi, mkulima wa Bunda, mvuvi wa Musoma na msomi wa chuo kikuu. Si watu halisi. Ni hoja nilizozipa midomo ili zigongane waziwazi.

Mfugaji anaanza, naye hajitetei, anashtaki. “Afande, unaniuliza bunduki niliitoa wapi. Niulize kwanza nani alinifundisha kuishika.” Hapo hasemi uongo. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alilivunja jeshi alilolirithi kwa wakoloni na kujenga jingine lililofungamana na wananchi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotoka muda mfupi baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda, uliufanya ulinzi wa taifa kuwa kazi ya wananchi wenyewe, na mafunzo ya mgambo yakapewa uzito mpya. Amin alipovamia Kagera mwishoni mwa 1978, maelfu ya mgambo waliitwa vitani pamoja na askari wa kudumu. Mara ilikuwa imeshauzoea wito wa namna hiyo tangu enzi za jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliongoza Divisheni ya 20 ndani ya Uganda, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Vita vikaisha 1979, watu wakarudi makwao, na baadhi ya silaha zikarudi kwa njia za panya. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyefanya utafiti Tarime katikati ya miaka ya 1990 na kuchapisha kitabu chake kuhusu wezi wa ng'ombe wa mpakani mwaka 2000, anaonyesha jinsi wizi wa mifugo ulivyogeuka. Kilichokuwa kikifanywa kwa mikuki na mishale, mara nyingi ili kijana apate mahari, kikawa biashara ya bunduki yenye soko ng'ambo ya mpaka, Kenya. “Mwizi anayo,” anamalizia mfugaji. “Unataka mimi nibaki na nini?”

Ofisa wa polisi hana haraka. Amezoea swali hilo. “Mzee wangu, hakuna aliyekukataza kujilinda. Kuna sheria.” Anaitaja Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Anaeleza kuwa mwombaji huanzia serikali ya kijiji au mtaa, majina yanapita kamati za ulinzi na usalama, na anayepewa leseni lazima ajulikane na awe anaimudu silaha yenyewe. Kisha anatoa hoja yake nzito zaidi, ambayo mfugaji hawezi kuipuuza: bunduki haikai nyumbani. Iliyonunuliwa kulinda zizi huazimwa na shemeji, hukodishwa kwa siku mbili, huibwa, huuzwa mwenyewe akifa, na mwaka unaofuata ndiyo inayolenga zizi la mtu wa kijiji cha pili. Mimi naikubali hoja hiyo nzima nzima. Ugomvi wangu na ofisa uko kwingine. Yeye anaisoma sheria kana kwamba raia anayeombwa kutoa silaha yuko peke yake na serikali yake. Hayuko peke yake. Yuko na jirani, na ukoo wa ng'ambo ya mto, na watu asiowajua wanaokuja na mvua, na kabla ya kutoa chochote anahesabu wao watafanya nini.

Hesabu hiyo iliwahi kujaribiwa hadharani, katika nchi jirani. Desemba 2001 serikali ya Uganda ilianza kukusanya bunduki kwa hiari huko Karamoja, na katika miezi michache zilipatikana karibu 10,000. Ahadi ilikuwa wazi: toeni silaha, jeshi litawalinda. Mwaka 2002 vita dhidi ya waasi wa Lord's Resistance Army vikawavuta wanajeshi kwingine, na ulinzi ulioahidiwa ukapungua. Wabokora, kundi la wafugaji wa huko waliokuwa wametoa bunduki nyingi, wakavamiwa na majirani zao Wajie waliobaki na zao. Serikali iliporudi tena, hasa kuanzia 2006, ilirudi kwa nguvu, ikizingira vijiji na kupekua, na ikakuta watu waliokwisha kujifunza kuficha. Anayetaka kujua kwa nini mtu wa Butiama humezea siri ya jirani yake aitazame Karamoja ya mwaka 2002. Wabokora hawakuadhibiwa kwa kuwa wakaidi. Waliadhibiwa kwa kuwa wa kwanza kutii, na habari ya namna hiyo husafiri na ng'ombe.

Ofisa atasema, na kwa haki, kwamba Mara si Karamoja. Huku hakuna malisho yaliyojaa bunduki za kivita, na hata kwa nchi nzima makadirio ya Small Arms Survey ya mwaka 2017 yanaiweka Tanzania chini ya silaha moja ya kiraia kwa kila watu 100. Ni kweli. Lakini uchache huo unaunga mkono upande wangu. Kama bunduki ingekuwa tabia ya watu, waliopitia mafunzo ya mgambo, vita na mpaka unaovuja wangekuwa nazo kila mji. Walifanya kitu kingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa mifugo ulipopamba moto baada ya vita, Wanyamwezi na Wasukuma walianzisha sungusungu: upinde, mishale, filimbi, na kanuni kwamba yowe likipigwa kila mwanamume anatoka, nyayo zinafuatwa, na kijiji ambako nyayo zinapotelea kinatakiwa kujibu. Mpango huo ukasambaa hadi Mara, ambako uliungana na baraza la zamani la Wakurya, iritongo. Polisi na mahakama waliutazama kwa jicho baya, chama tawala kikaupokea kwa upole zaidi, na mwaka 1989 sheria ikawapa sungusungu uwezo wa kukamata kama ule wa mgambo. Upande wa Kenya, mtafiti Suzette Heald aliandika jinsi Wakurya walivyouchukua mwishoni mwa miaka ya 1990, na wizi wa ng'ombe ukapungua sana. Watu walioibiwa kwa bunduki walijibu kwa mishale na idadi, kwa sababu walichokuwa wamekikosa ni mtu wa kuitika.

Hapa ofisa anainua mkono kwa ukali. “Unawasifu watu waliopiga washukiwa hadi kufa? Waliotoza faini zisizo na risiti?” Simlaumu. Sungusungu waliua, walitesa, na sehemu kadhaa waligeuka kero kwa wanyonge, hasa kwa vikongwe waliosingiziwa uchawi na kwa wageni wasio na ukoo wa kuwatetea. Siipendekezi kuwa dawa. Ninaitaja kwa sababu ni ushahidi wa kile wananchi wanachokitafuta. Mtu mwenye njaa ya kuua hutafuta silaha iliyo kali zaidi. Hawa walitafuta mpango wa kuitikiana, wakaridhika na silaha dhaifu mradi jirani atoke. Hata maovu yao yalitokana na kukosekana kwa mwenye mamlaka ya kuwazuia, yaani dola ileile iliyochelewa kufika kwenye zizi ilichelewa pia kufika kwenye baraza.

Tuhamie Bunda, maana huko sura ya bunduki ni nyingine kabisa. Mkulima wa vijiji vinavyopakana na pori la akiba la Grumeti na ukanda wa magharibi wa Serengeti hamwoni jambazi anapoiwaza bunduki. Anamwona askari wa hifadhi. Uwindaji wa kitoweo katika magharibi ya Serengeti hufanywa zaidi kwa mitego ya nyaya kuliko kwa risasi, na babu za wakulima hawa waliwinda kwa mishale ya sumu kabla Serengeti haijatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Bunduki, kwa mkulima huyu, ni ya serikali. Na kazi ya serikali ilifanikiwa: tembo wa Serengeti, waliokuwa wamebaki mia kadhaa katikati ya miaka ya 1980, walianza kuongezeka baada ya Operesheni Uhai dhidi ya majangili na marufuku ya kimataifa ya biashara ya pembe, zote za mwaka 1989, na sensa ya 2014 ilihesabu zaidi ya 7,000 katika mfumo mzima wa Serengeti na Mara. Udhibiti wa silaha za majangili ndio uliomrudisha tembo, na tembo aliyerudi ndiye anayekula mahindi na pamba ya Bunda. Kanuni za mwaka 2011 zikaweka kifuta jasho kwa mazao, kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari kulingana na umbali wa shamba na mpaka wa hifadhi, na kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa.

“Sasa,” anauliza mkulima, “mbona hujasikia nikidai bunduki? Nimeomba askari wawe karibu, nimeomba fataki, nimejaribu pilipili kwenye kamba.” Na kweli, malalamiko ya vijiji hivyo mwaka hadi mwaka ni ya kituo kilicho mbali, gari lisilo na mafuta na malipo yanayochelewa. Kwa mtazamo wangu hili ndilo jaribio safi kuliko yote tuliyo nayo Mara. Mkulima ana adui mkubwa kuliko mwizi yeyote, ana sababu ya kutosha ya kutaka silaha, na bado anadai huduma. Yupo wa kumdai: askari anajulikana, ana kituo, ana jina la ofisi. Mfugaji wa Butiama anayelala akisikiliza mbwa hana wa kumdai kwa uhakika huo. Watu hawa ni majirani, wengine wameoana, lugha zao zinasikilizana. Kama ni damu, imekuwaje ichemke upande mmoja wa barabara na kupoa upande wa pili?

Mvuvi wa Musoma anaongea kifupi, maana kwake jambo halina utata. Majambazi wa ziwani humkuta usiku akiwa juu ya maji, hutwaa injini, nyavu na samaki, na hakuna kichaka cha kukimbilia. “Nikiwa na bunduki mtumbwini nitakuwa nimewaongezea mali ya kuchukua.” Anataka silaha zote zidhibitiwe bila masharti, na anataka boti ya polisi yenye mafuta. Angalieni kwamba hata yeye, aliye mkali kuliko wote dhidi ya silaha, anafika hapo kwa kupiga hesabu ya usalama, si kwa mahubiri.

Sasa msomi, aliyekuwa amekunja mikono. Yeye analeta habari za Marekani, nchi yenye silaha za kiraia zaidi ya 120 kwa kila watu 100. Huko, anasema, watafiti Dan Kahan na Donald Braman walionyesha mwaka 2003 kwamba takwimu za vifo hazimbadilishi mtu: msimamo wake kuhusu bunduki hufuata jinsi anavyoitazama jamii, kama anathamini uhuru wa mtu binafsi au mshikamano, ngazi za heshima au usawa. Bunduki ni nembo ya aina ya maisha. Kwa nini Mara iwe tofauti, mahali ambapo kuwa shujaa wa zizi ni heshima ya mwanamume? Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi yangu, na sehemu yake naikubali: takwimu peke yake hazitambadilisha mtu wa Butiama pia. Ila nembo hudumu pale ambapo kuishika hakugharimu sana. Hukohuko Marekani, Pew Research Center ilipowauliza wenye bunduki mwaka 2023, asilimia 72 walitaja kujilinda kuwa sababu kubwa ya kuwa nayo. Na heshima ya Mara inayotajwa haijafungwa kwenye chuma. Kijana wa sungusungu aliheshimiwa kwa kuwa wa kwanza kutoka yowe lilipopigwa, akiwa na upinde tu. Mahari nayo yalikuwepo kabla ya bunduki na yatakuwepo baada yake. Utamaduni unaeleza kwa nini ng'ombe ana thamani. Kwa nini mtu achague risasi kumlinda, hapo utamaduni unanyamaza.

Kuna pingamizi jingine, nalo hutolewa na watu makini: kwamba mjadala wote huu ni wa bure, kwa kuwa Mara watu huuana hata bila bunduki. Februari 2010, huko Buhare, pembezoni mwa Musoma, watu 17 waliuawa usiku mmoja kwa mapanga. Hakuna leseni ya panga. Lakini tukio lile linatufundisha nini? Kwamba kisasi hupata silaha yoyote iliyo karibu pale watu wanapoamini haki haitatendeka na mlinzi hatafika. Bunduki huongeza kasi na umbali wa kisasi, ndiyo maana ni lazima idhibitiwe, lakini haikizai. Anayetumia Buhare kusema udhibiti hauna maana amekosea, na anayedhani kukusanya magobore kutamaliza visasi amekosea vilevile.

Imebaki hofu ambayo ofisa haipendi kuisikia, ya bunduki iliyo mikononi mwa dola yenyewe. Mei 16, 2011, watu watano waliuawa kwa risasi za polisi katika mgodi wa North Mara, Nyamongo. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Tokomeza Ujangili ya nchi nzima. Novemba ilisitishwa baada ya bunge kuelezwa habari za mateso, ubakaji na mauaji, na Desemba mawaziri wanne, Khamis Kagasheki, Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David, wakapoteza nyadhifa zao. Kuwajibika kule kulikuwa kwa kweli, na si nchi nyingi za ukanda huu zingefanya hivyo. Lakini mwenye gobore lake la kufukuzia nyani hakukumbuka mawaziri. Alikumbuka waliokuja usiku kupekua. Tangu hapo serikali imetangaza zaidi ya mara moja muda wa kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Hiyo ni sera nzuri inayodaiwa madeni ya sera mbaya. Msamaha huaminika kwa kadiri anayeutoa anavyoaminika, na imani hiyo hujengwa na askari wa kata anayepokea simu saa nane za usiku, si na tangazo la redioni.

Mtu anaweza kuniambia kwamba nimewapa wahalifu kisingizio: kila mwenye bunduki ya SMG atasema polisi hawakufika. Atasema, ndiyo, na afungwe. Kueleza kwa nini raia mwema anaficha siri hakumwondolei hatia anayeua. Tena kunamsaidia mpelelezi, kwa sababu bunduki haramu nyingi hupatikana kwa kutajwa, na hatajwi mtu mahali ambapo mtoa habari atabaki peke yake gari la polisi likishaondoka.

Kwa hiyo hukumu yangu ni ya mpangilio. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ilitia saini, inazitaka nchi ziweke alama kwenye silaha, zitunze kumbukumbu na ziteketeze zilizokusanywa. Kenya ilichoma 5,250 mbele ya umma mwaka 2016. Hayo yote ni ya lazima, lakini Mara hayafai kuwa ya kwanza. La kwanza ni boti ya doria Musoma, kituo cha askari wa wanyamapori kilicho karibu na mashamba ya Bunda, na pikipiki zenye mafuta kwenye vituo vya kata za Butiama, vikae mwaka mzima hadi watu waone kwamba yowe linaitikiwa. La pili ni kukusanya silaha siku moja kwa koo zinazovamiana, na kwa makubaliano na wenzetu wa Kenya upande wa pili wa mpaka, ili asiwepo wa kwanza wa kuadhibiwa. La tatu ndiyo sheria kwa ukali wake wote kwa atakayebakiza. Serikali ikigeuza mpangilio huo, itapata magobore machache ya wazee watiifu, na bunduki za wezi zitabaki zilipo.